Kanisa la mlimani lenye madirisha sita ya vioo vya rangi: matano yanafanana, moja halifanani. Nani anajua kisa?

#1 Pati na Almasi

Wakuu, shimbonyi.

Mimi ni fundi vioo, banda langu liko Moshi mjini, mwaka wa 22 huu nashika almasi ya kukatia vioo. Kazi yangu kila siku ni kuuliza vipimo. Leo nauliza historia.

Mwishoni mwa mwaka jana niliitwa kanisa moja huko juu mgombani (jina naliacha, wahusika wakisoma watajijua) nitoe madirisha ya zamani nifunge ya aluminiamu, yale ya kusukuma, kioo cha buluu kinachoakisi kama cha benki. Kamati ilishaamua, michango ilishaingia. Nikafanya kazi, nikalipwa yote. Sina ugomvi na mtu. Ila tangu siku ile kuna kitu kinanikereketa.

Madirisha yalikuwa sita, membamba, marefu, yana upinde juu, matatu kila upande. Matano yalikuwa ya vipande vidogo vya rangi, kila kipande saizi ya kiganja, vimeshikwa na mikanda ya madini ya risasi. Katikati ya kila dirisha kuna duara lenye picha: ngano, samaki, mwanakondoo, ufunguo, na la tano zabibu ndogo nyekundu. Kazi safi sana, mistari ya majani imechorwa myembamba kama unyoya.

La sita sasa. Hilo fremu ni ya chuma cha kawaida, vioo vya mauamaua rangi ya kaharabu na kijani, ile mnayoona kwenye milango ya vyoo na makabati ya zamani. Halina picha. Na nilipokwangua pati (ule ute mgumu wa kubanishia kioo kwenye fremu) nikakuta vioo havikushikwa na vijisumari vya kazi yetu. Vilishikwa na vipande vya spoki za baiskeli! Vimekatwa vizuri, urefu sawa, kila baada ya shibiri moja.

Ndipo nikasimama pale juu ya ngazi nikajiuliza: fundi anayekata spoki kwa usafi namna hii hakushindwa kazi. Kuna kitu alikosa. Alikosa nini, na lini?

Mwenye habari ya makanisa ya mlimani na vioo vyake atiririke.

#2 Kijana wa Pasua

Nimekaa siti ya mbele na kisusio changu. Twende kazi.

#3 Mlutheri Mkavu

Mkuu, hayo ya picha picha madirishani ni ya wenzetu Wakatoliki. Sisi wamisionari wa Leipzig walipofika Machame 1893 walikuja na Neno. Ukikuta picha kwenye dirisha la Kilutheri jua kuna mtu alipotea njia.

#4 Mwanahistoria wa Soweto

Mlutheri Mkavu taratibu mzee, unamsingizia Luther. Machi 1522 alitoka mafichoni akarudi Wittenberg akahubiri siku nane mfululizo, na sehemu ya mahubiri hayo ilikuwa kuwazuia watu waliokuwa wanavunja sanamu na picha makanisani. Alisema shida ni kuabudu picha, siyo picha kuwepo. Waliofagia picha kabisa ni akina Zwingli na Calvin, na baadaye Waingereza wa mrengo mkali. Mwaka 1643 na 1644 kule mashariki mwa Uingereza alikuwepo jamaa anaitwa William Dowsing, kazi yake rasmi kuzunguka makanisa akivunja picha, na alikuwa anaandika daftarini ngapi kavunja wapi. Kwa hiyo dirisha la picha kwenye kanisa la Kilutheri si upotofu.

Na Wakatoliki wenyewe huku kwetu walianza Kilema, wale mapadri wa Roho Mtakatifu, 1890 na 1891 hivi, kisha Kibosho. Majengo ya mwanzo ya pande zote mbili yalikuwa miti, udongo na nyasi. Kioo kilikuwa kitu cha kubebwa kichwani toka pwani, kwa miguu. Reli ya Tanga ilifika Moshi 1911. Kabla ya hapo nani abebe kioo cha rangi siku zote hizo njiani kisivunjike?

Kwa anayetaka mizizi: madirisha ya zamani zaidi ambayo bado yako mahali pake ni ya manabii kwenye kanisa kuu la Augsburg, Ujerumani, yana takribani miaka 900. Kilele cha fani ni Ufaransa karne ya 13: kanisa kuu la Chartres, na kanisa la Sainte-Chapelle la Paris iliyowekwa wakfu 1248, ambayo kuta zake ni kama hazipo, ni vioo tu.

#5 Kijana wa Pasua

Swali la mtoto wa mtaani: rangi inaingiaje kwenye kioo? Inapakwa au?

#6 Pati na Almasi

Swali zuri, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Kuna njia kama nne, na kila moja unaitambua kwenye ukingo, si usoni.

Ya kwanza rangi inatiwa kioo kikiwa bado uji wa moto, zaidi ya nyuzi 1,000. Kobalti inatoa buluu, chuma kinatoa kijani, manganizi zambarau. Hicho ukikivunja, ukingo wote una rangi ileile, kama karoti.

Ya pili ni nyekundu. Nyekundu ya shaba ni nzito mno, ukifanya kioo kizima kinakuwa cheusi, mwanga haupiti. Kwa hiyo mafundi wa kale walichovya kioo cheupe kwenye nyekundu kidogo, kikavaa ngozi tu. Hapa nina kipande cha dirisha la ufunguo, kilivunjika mkononi mwangu wakati wa kutoa. Ukikiangalia usoni ni chekundu kama damu ya ndafu. Ukikigeuza ukatazama ukingo ni cheupe kabisa, juu kuna utando mwembamba mwekundu kama ganda la ndani la kitunguu. Nilikitazama robo saa nzima, kijana wangu akadhani nimekatwa.

Ya tatu ni michoro. Unasaga kioo na oksidi ya chuma au shaba, unachanganya na siki au gundi, unachora mistari ya uso, majani, herufi, halafu unarudisha tanuruni nyuzi 600 na kitu. Mstari unayeyukia kwenye kioo. Ukichomwa vizuri haufutiki karne na karne. Ukichomwa kwa haraka, ukisugua unatoka.

Ya nne ni njano ya fedha. Ulaya waliijua miaka ya 1300 mwanzoni: unapaka chumvi ya fedha mgongoni mwa kioo, ukichoma inazama ndani na kuwa njano, toka limau mpaka chungwa. Hii ndiyo pekee inayopenya kwenye kioo kikavu. Ndiyo maana nywele na taji za watakatifu ni za njano: unapata rangi mbili kwenye kipande kimoja bila kukata.

Vingine vyote mnavyoviona siku hizi, asilimia kubwa ni stika. Kucha inatosha kuipima.

#7 Bin Unguja

Assalaam aleykum wenye uzi. Mimi mgeni hapa Moshi, ni mtu wa Mji Mkongwe. Naomba nichangie kwa adabu: vioo vya rangi si mali ya kanisa peke yake. Hiyo njano ya fedha, Wamisri na Washamu walikuwa wakiipaka kwenye bilauri na vyombo vya kioo karne nyingi kabla Mzungu hajaipandisha dirishani. Yemen mpaka leo juu ya kila dirisha wanaweka nusu duara la plasta lenye vioo vya rangi, wanaliita kamariya, kutokana na neno la mwezi.

Kwetu Unguja nenda pale Forodhani mbele, jengo la Zahanati ya Kale alilolianzisha Tharia Topan 1887, likakamilika 1894 yeye keshakufa. Balkoni za mbao zimetobolewa kama lesi, na nyuma yake vioo vya rangi. Asubuhi jua likipiga, sakafu inakuwa kama khanga. Hiyo ni kazi ya kihindi, haina mtakatifu wala msalaba. Kanisa la Mkunazini lenyewe, lililoanza kujengwa 1873 penye soko la watumwa, lina dirisha la kumbukumbu ya Livingstone. Kwa hiyo njia ya kioo cha rangi kuingia nchi hii ilipita baharini, kwa Muhindi na kwa Mwingereza, kabla haijapanda mlima.

#8 Mtoto wa Ngarenaro

Watu wa Moshi mkiachiwa uzi mnajisifia mpaka vioo vya choo. Njooni Arusha muone watu wanaopuliza kioo: pale Shanga wanayeyusha chupa zilizotupwa wanapuliza bilauri na shanga, na mafundi wengi ni watu wenye ulemavu. Kioo cha rangi kinazaliwa mbele ya macho yako.

Lakini mkuu Pati, nina swali. Nilifundishwa shuleni kwamba kioo ni kimiminika, kinatiririka polepole, ndiyo maana vioo vya makanisa ya kale ni vinene chini. Kweli?

#9 Pati na Almasi

Uongo huo, na umeniudhi miaka mingi. Kioo cha dirishani hakitiririki. Zamani kioo kilipulizwa kwa mdomo kisha kikazungushwa au kukunjuliwa, kwa hiyo kilitoka kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine. Fundi mwenye akili anaweka upande mzito chini. Mara nyingine kasahau, ndiyo maana vipo vinene juu pia. Kinacholegea ni risasi. Risasi ikikaa juani miaka inachoka, dirisha linatunisha tumbo. Haya matano niliyotoa yalikuwa yameanza kutuna upande mmoja tu.

Na hapo kwenye upande niseme kitu ambacho kimenichukua miaka kukielewa. Ulaya jua liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo tajiri, la kaskazini limepoa. Sisi tuko nyuzi tatu na kitu tu kusini ya ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Aprili mpaka Septemba linakula upande wa kaskazini, Oktoba mpaka Machi linahamia kusini. Madirisha ya pembeni yanapokezana zamu! Halafu saa sita mchana liko juu sana, paa letu lina upenuu mrefu kwa ajili ya mvua, rangi haifiki hata kwenye benchi la kwanza. Ukitaka kuona rangi imelala sakafuni huku kwetu, uwe na dirisha la mashariki na uje ibada ya kwanza. Wazungu waliochora makanisa yetu wengi walichora la kwao wakalileta na jua lake.

#10 Dada wa Njoro

Mimi linanikera moja tu. Watakatifu wote madirishani macho ya buluu. Hata mchungaji wa kondoo ana mashavu mekundu. Hakuna mtu wa mlimani aliyewahi kuwaza tofauti?

#11 Mwanahistoria wa Soweto

Yupo, tena wa Marangu. Elimo Njau, mchoraji aliyesoma Makerere. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Yesu anazaliwa kwenye kibanda cha kwao, wamama wanakuja na zawadi za shambani, vilima ni vyao. Huo ni ukuta, si kioo, lakini swali lako ndilo alilolijibu. Kabla yake Sam Ntiro wa Machame alikuwa anachora vihamba (mashamba yetu ya nyumbani) na watu wakifanya kazi. Halafu Mtanganyika huyohuyo ndiye akawa balozi wetu wa kwanza London.

#12 Pati na Almasi

Wakuu, nimerudi bandani nikatafuta masalia. Kwenye fremu ya lile dirisha la sita, kati ya chuma na ukuta, fundi alikuwa amejaza karatasi za gazeti ili saruji isipite. Nilizitupa kwenye kopo la misumari bila kuangalia. Leo nimezikunjua. Gazeti ni la Kiswahili, tarehe imeliwa na mchwa, lakini herufi kubwa za juu zimebaki: "...KAMPALA". Upande wa nyuma kuna matangazo ya mpira.

Mwenye akili anisaidie.

#13 Mtoto wa Ngarenaro

Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi letu 11 Aprili 1979. Kama kichwa cha habari ni hicho, dirisha limefungwa baada ya hapo. Kesi inaanza kunoga.

#14 Kihamba Kimoja

Wanangu, nimesoma uzi huu toka mwanzo kimya kimya. Nina miaka 63. Nadhani kanisa mnalolizungumza ndilo nililobatizwa, na kama silo basi yako mawili yenye kisa kimoja. Nitaeleza ninavyojua.

Julai 1975 Brazil ilipigwa na baridi kali, barafu ikaua mibuni. Bei ya kahawa duniani ikapaa mpaka 1977. Huku kwetu mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU yetu ya Kilimanjaro ikiwemo, kahawa ikawa ya mamlaka ya serikali, kwa hiyo si kila senti ya bei ile ilimfikia mkulima. Lakini iliyofika ilitosha watu kupumua. Mabati yalinunuliwa, watoto walipelekwa sekondari, na wazee wa kanisa wakasema sasa hii nyumba ya Bwana iliyozibwa mbao madirishani ni aibu.

Michango ilikuwa kahawa yenyewe. Jumapili ya mavuno watu walileta maganda kwa debe, ikapigwa mnada mbele ya kanisa pamoja na ndizi na kuku. Baba yangu alikuwa mtunza hazina, na sisi watoto ndio tuliobeba madebe.

Madirisha yakaagizwa Nairobi kwa fundi Mzungu mmoja mzee. Sita. Mwishoni mwa Januari 1977 matano yakafika kwa lori kupitia Taveta na Holili, yamelazwa kwenye majani makavu ya migomba kama mayai. La sita halikuwa limekauka saruji yake, tukaambiwa wiki mbili. Tarehe 4 Februari mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka uleule. Dirisha letu liko Nairobi, sisi tuko huku, na katikati kuna kizuizi.

Uwazi wa la sita ukazibwa tena mbao. Watu walikuwa wanavuka usiku na kahawa ya magendo kuipeleka Kenya, nakumbuka mzee mmoja alimtania baba: "Mbona kahawa inavuka, dirisha haliwezi kuvuka?" Baba hakucheka. Kisha ikaja vita ya Kagera na ule ukata wenyewe mnausikia: sabuni hakuna, misumari hakuna, kioo ndiyo kabisa. Mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983 yule fundi alishaondoka nchini.

Aliyefunga hilo la spoki alikuwa fundi baiskeli wa Kiborloni. Hakuwa fundi vioo. Alikusanya vioo vya makabati mabovu, akaviotea rangi zinazokaribia. Ndiyo maana umekuta kaharabu na kijani. Alifanya bure.

Na jambo moja mwanangu Pati. Dirisha la tano, unaloita zabibu. Zile si zabibu.

#15 Kijana wa Pasua

Meku!!! Nimepata nywele kusimama. Malizia basi.

#16 Pati na Almasi

Mzee wangu, heshima yako. Lakini nilikishika kioo kile kwa mikono yangu. Tunda dogo, la mviringo, jekundu, limekaa kwa mafungu. Kila kanisa lina ngano na zabibu, mkate na divai. Ni zabibu.

#17 Kihamba Kimoja

Zabibu inaning'inia, kishada kinakwenda kikichongoka chini. Hizo ulizoziona zimekaa wapi? Zimekumbatia kijiti, fungu hapa, fungu pale, na penye kila fungu majani mawili yanatazamana. Baba na wazee walimpelekea yule Mzungu tawi la mbuni kwenye kikapu, kwa basi, ili asije akatuchorea kitu cha kwao. Ni kahawa hiyo. Ndiyo iliyolipa.

#18 Mwanahistoria wa Soweto

Mzee Kihamba, wazee wenu bila kujua walifanya kitu cha Chartres. Kule chini ya madirisha mengi wamechorwa waoka mikate, wabeba maji, wachonga magurudumu, wauza manyoya, kila mmoja na kazi yake mkononi. Wasomi wanabishana kama kweli hao ndio waliolipia, lakini kwa karne nyingi watu wamesoma hivyo: huyu hapa ndiye aliyetoa.

Na Chartres hiyohiyo, vita vya pili vilipokaribia 1939, walishusha vioo vyote, takribani mita za mraba 2,500, wakavifunga kwenye makreti, wakavificha, vita ilipoisha wakavirudisha. Sisi hapa tumeshusha madirisha matano tukapeleka wapi?

#19 Mjumbe wa Kamati (siyo ya hapo)

Samahani, mnatulaumu sana watu wa kamati. Mmewahi kukaa kanisani Julai, mlimani, dirisha linavuja upepo, wazee wanakohoa? Mmewahi kupangusa maji ya mvua madhabahuni? Kioo cha risasi kinavuja, hakifunguki, popo wanaingia kwenye matundu. Waumini wanataka hewa na mwanga wa kusoma kitabu cha nyimbo. Aluminiamu inafunguka, ina nyavu, haioti kutu. Historia haizuii nimonia.

#20 Pati na Almasi

Una haki, na mimi ndiye niliyeifunga hiyo aluminiamu kwa hiyo siwezi kukurushia jiwe. Kweli yalikuwa yanavuja. Lakini dawa ya kuvuja siyo lazima iwe kutoa. Ulaya wanaweka kioo cheupe cha kawaida upande wa nje, wanaacha nafasi ya hewa, cha rangi kinabaki ndani kikavu. Hata hapa inawezekana: fremu yako ya aluminiamu nje, la zamani ndani. Nilitakiwa kuwaambia. Sikuwaambia kwa sababu sikuulizwa, na kwa sababu nilikuwa nahesabu mita za mraba.

Kuhusu yalikokwenda: risasi ilichukuliwa na watu wa chuma chakavu siku ileile, ilipimwa kwa kilo pale pale uani. Vioo vilibaki lundo karibu na tangi la maji. Niliporudi baada ya siku tatu kumalizia silikoni, lundo halikuwepo. Mlinzi akasema wamama wamebeba.

#21 Dada wa Njoro

Bei ya dirisha jipya la namna hiyo ni kiasi gani mkuu?

#22 Pati na Almasi

Njoo inboksi. Ila uje ukiwa umekaa.

#23 Mtoto wa Ngarenaro

Nje ya mada kidogo: njia ya kwenda Nairobi, pale Kitengela, kuna karakana ya vioo aliyoianzisha msanii anayeitwa Nani Croze, wanafanya vya risasi na vile vinene vya kuchomeka kwenye zege. Nilipita mwaka juzi. Wana twiga na wanawake wabeba maji madirishani. Siku hizi mpaka uko wazi wanangu, la sita linaweza kuagizwa.

#24 Mama Ndafu

Wapendwa hamjambo. Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu mambo ya kilimo. Mume wangu ndiye kanionyesha huu uzi.

Mimi ni mmoja wa wale wamama. Tulibeba kwa karai, tukasema vitafaa. Vingi vilikuwa vidogo, watoto wamechezea. Lakini mama mkwe wangu alichukua duara moja lililokuwa zima, halikuvunjika, lina risasi yake pembeni bado. Ameliweka kwenye dirisha la jiko la nje, lile la kuni, pale palipokuwa na gunia. Anasema linazuia upepo kwa mbuzi waliofungwa ndani.

Sasa hivi nimeenda kulitazama kwa tochi. Lina moshi sana. Kuna kijiti katikati. Matunda mekundu yamekaa kwa mafungu yamekumbatia kijiti. Majani nimeyahesabu, yako mawili mawili, yanatazamana. Mimi nimechuma kahawa tangu nina miaka saba. Hiyo ni kahawa, tena imeiva, ilikuwa ya kuchumwa wiki hiyo.

Mama mkwe anasema hauzi, lakini mnakaribishwa kuja kuona. Kesho nitalisugua na majivu na waya wa sufuria likae safi mkifika.

#25 Kihamba Kimoja

Mungu ni mwema. Mwambie mama namsalimu sana. Jumamosi nakuja, na mkongojo wangu.

#26 Pati na Almasi

Mama Ndafu, tafadhali sana, mikono chini. Usilisugue! Si majivu, si waya, si sabuni ya unga. Ile mistari ya majani ni ya kuchomwa, na moshi wa jiko umekaa juu yake. Kama haikuchomwa vizuri itatoka na moshi wake tubaki na kioo chekundu kitupu. Acha hivyohivyo na masizi yake. Na yeyote aliyeshika ile risasi anawe mikono kabla ya kula, watoto wasiichezee, ni sumu.

Jumamosi saa nne nitakuwa kwenu na brashi laini na maji ya kuchemsha yaliyopoa. Nitaleta kioo cheupe cha milimita 4, nikikate palepale kiwekwe dirishani upande wa nje, mbuzi wasipate baridi. Hicho ni bure. Mzee Kihamba, nikupitie wapi?